Mazingaombwe ya Sebuleni

Uso wa mke wangu ulijaa kwenye simu, umepauka kwa taa za hospitali, pua na mdomo vimefunikwa na barakoa ya oksijeni. Binti yetu Armelle, wa miaka saba, aliutazama kidogo, kisha akageukia ukuta.

"Hiyo ni trick, Papa. Mama alishakufa."

Nilijitakia mwenyewe. Ulikuwa mwaka 2021, Blacktown, mji wetu wa ugenini, umefungwa kwa sababu ya korona, ghala nilikofanya kazi limesimamisha shughuli, na mimi nilikuwa nikimwonyesha filamu za kutisha za zamani, zile zisizo na sauti. Nilimfundisha na siri zake, zile trick: kamera inasimamishwa, mtu anaondoka, kamera inawashwa tena, na watazamaji wanaapa wameona mtu akiyeyuka. Picha moja ikilazwa juu ya nyingine, unapata mzuka unaopenya ukuta. Tuliigiza wenyewe kwa simu, yeye akitoweka kwenye sofa huku akicheka.

Kisha mke wangu Médiatrice, anayehudumia wazee, akaugua korona na kulazwa. Warundi wenzetu wa kanisani wakawa wanamwombea kila jioni kwenye Zoom, na mmoja wao, Marie-Jeanne, kwa upendo mtupu, akaweka picha ya Médiatrice mezani kwake, mbele ya kamera, na kuiwashia mshumaa. Kwetu picha ya namna hiyo ni ya matanga. Armelle aliiona, na tangu hapo akakataa chakula. Nilipomwambia mama yupo hospitali, alinikumbusha kwamba babu yake alipofariki tulimwambia amesafiri.

Marie-Jeanne aliuzima mshumaa akilia, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Nikaapa kwamba mke wangu hatazikwa hai ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nilimwomba muuguzi atupigie tena, nikamketisha Armelle mbele ya simu.

"Wewe ni fundi wa trick," nikamwambia. "Mkague. Mtu wa kwenye filamu hamwoni wala hamsikii anayemtazama. Mwamuru afanye jambo."

Alisogea, amekunja uso kama afisa wa uhamiaji, akamwambia mama yake ainue mkono. Médiatrice, ambaye hakuweza kusema, aliuinua taratibu pamoja na mirija yake. Armelle akatikisa kichwa. Hata hilo, alisema, linaweza kurekodiwa.

Lakini mkono haukushuka. Kidole kilimwelekea Armelle kichwani, kikachora mstari hewani kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na juu ya barakoa nyusi zikakutana kwa namna ambayo nyumba nzima tuliiogopa. Armelle alijishika nywele. Sikuwa nimezichana wala kuzisuka tangu mama yake aondoke.

"Papa," alisema, "Mama amekasirika."

Nililia bila aibu. Yeye akaenda kuleta kitana, akaketi katikati ya magoti yangu, akiitazama simu. Mimi sijui kusuka. Kila nilipopinda mstari, kidole cha mama yake kilinyooshwa kwenye simu, nikafumua, nikaanza upya. Mstari wa kwanza uliponyooka, Armelle aliomba uji.