Silinda Nane za Bi Arwa

"Washa tena," Mohdhar alisema kutoka chini ya gari, na Peninah akazungusha ufunguo.

Injini ikaamka kwa mngurumo mzito, na ndani ya mngurumo ule ukaja mgoto: ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango wa jirani asiyefungua. Mohdhar alikuwa amelala chali sakafuni, ncha ya bisibisi ndefu ikigusa chuma, mpini wake umebanwa sikioni. Aliisogeza mbele, akasikiliza. Akairudisha nyuma, pale injini inapoungana na giaboksi, akasikiliza tena, macho kayafumba.

Asubuhi ile hakuitwa kusikiliza. Aliitwa kuing'oa injini.

Gari lilikuwa la Kimarekani, jeusi, refu, la mwaka tisini na sita. Mwenyewe ni Bi Arwa, mama wa Kizanzibari ambaye baba yake alihamia Dubai zamani, akalinunua gari hilo uzeeni na kumwachia alipofariki. Gereji tatu zilikuwa zimemwambia kwamba bering za ndani zimekwisha na injini imekufa. Ndipo Raed, mwenye gereji hii ya Ras Al Khor, humo humo Dubai, akampa shauri la kisasa: injini itolewe, iwekwe mota ya umeme. Mota ilishafika, imo katika sanduku la mbao karibu na mlango. Winchi ilishasogezwa.

Mohdhar, mtu wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa na miaka ishirini na sita katika gereji hiyo, na yote aliimalizia kwenye injini kubwa za Wamarekani. Aliziona zikipungua. Kwanza magari ya fahari yalianza kutoka na silinda sita badala ya nane, kisha nne zenye turbo, kisha yakaja yasiyo na silinda hata moja. Mwaka huu ungesikia kwamba nane zimekwisha. Mwaka wa pili, la, zitabaki kidogo. Mafundi walibishana juu ya habari hizo wakati wa chai, lakini Mohdhar hakutia neno. Akibanwa sana husema tu kwamba injini ndogo ukiikaza hupiga kelele, na kubwa haina haja ya kupandisha sauti.

Alitoka chini, akajifuta mikono, akamwambia Peninah akanyage breki na kuingiza gia. Mgoto ukafifia, ukawa karibu kutoweka. Akamwambia aitoe gia. Ukarejea.

"Kompyuta yasemaje?" aliuliza.

"Haioni kosa lolote, Mzee Mohdhar," Peninah alijibu. Yeye alikuwa fundi wa umeme kutoka Meru, mama wa watoto wawili, aliyeajiriwa kwa ajili ya betri na kompyuta. "Hiyo sauti haina sensa yake."

Mohdhar akaenda kwa Raed, akamweleza kwamba kilichokufa si injini. Raed alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema khalas, yamekwisha: bibi ameshakubali, mota imeshafika, na gereji tatu haziwezi kukosea pamoja. Halafu, bila kupandisha sauti, akamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwezi huu na karatasi za mpya bado hazijatiwa saini.

Mohdhar alisimama kando ya winchi kwa muda. Miaka yote ile hakuwahi kumruka arbab wake, tajiri aliyemwajiri. Mwishowe akavua glavu, akaenda chumba cha wageni, alikokuwa Bi Arwa amekaa na mkoba wake mapajani.

"Shikamoo, bibi."

Bi Arwa aliinua macho kwa mshangao. Siku zote alikuwa amemsikia akizungumza Kiarabu tu.

"Marahaba. Kumbe wewe wa kwetu?"

"Wa Mombasa, bibi. Injini yako haijafa. Naona kuna bamba limepasuka nyuma yake, baina yake na giaboksi. Nipe mpaka alasiri. Nikikosea, nitaing'oa kwa mikono yangu hii."

"Una hakika?"

"Sina, bibi. Nina masikio tu."

Bi Arwa alimtazama sana. Kisha akamsimulia kwamba baba yake, mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kuendesha, alikuwa akiomba gari liwashwe uani, naye akae ndani, vioo viko chini, asiende popote. Watu wa nyumbani walidhani ni utu uzima. Yeye hakuwahi kumuuliza anasikiliza nini.

"Basi fungua," alisema. "Raed nitasema naye mimi."

Kushusha giaboksi si kazi ya saa moja. Bolti za karibu miaka thelathini zilikuwa zimeshikana na vyuma kama ndugu waliokataa kugawa urithi. Mohdhar alizipulizia mafuta, akazisubiri, akazibembeleza moja moja. Hakuitwa mtu kumsaidia, lakini Peninah aliiweka kompyuta yake kando, akafunga nywele, akaingia upande wa pili na jeki. Raed alipita mara mbili, akaangalia saa. Adhuhuri ikapita.

Giaboksi iliposhuka, Peninah akamulika tochi. Bamba lilikuwa pale, chuma chembamba chenye upana wa sinia, na kuzunguka bolti zake kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Mohdhar akapitisha ukucha. Ukucha ukanasa.

Aliendelea kuugusa mstari ule kana kwamba ungeweza kufutika.

Raed akaja, akakusanya kanzu yake isiguse mafuta, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Alichosema ni kwamba mabamba ya namna ile yanapatikana duka la nyuma ya msikiti, na akaenda kulinunua mwenyewe.

Alasiri, bamba jipya limefungwa na giaboksi imerudishwa, waliiwasha. Mgoto haukuwepo. Ilibaki sauti ya injini peke yake, nzito, imetulia, pistoni nane zikipokezana kazi pasipo hata moja kuiharakisha nyingine. Peninah aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Kumbe ndiyo hivi," alisema polepole.

Raed alimwambia Mohdhar kwamba karatasi ameshazitia saini, na kwamba kuanzia Jumatatu atasoma magari ya umeme kwa Peninah. Mohdhar akasema inshallah, na hakuisema kwa kukwepa. Peninah akaanza papo hapo: waya za rangi ya machungwa, Mzee, usiziguse kabla sijakwambia.

Bi Arwa akamtaka Mohdhar aje wakalijaribu gari. Mohdhar alitandika gazeti juu ya kiti ili ovaroli isichafue ngozi, akaketi kando yake. Injini zile alizijua kwa kuzilalia chini na kwa kuzijaribu mwenyewe, sikio likitafuta kosa. Hakuwahi kukaa tu akaendeshwa. Barabara ilipofunguka, Bi Arwa akakanyaga, na gari likaondoka bila papara, mgongo wa Mohdhar ukizama kitini. Aligeuza uso dirishani ili asitazamwe.

Kwenye taa nyekundu, teksi ya umeme ilisimama kando yao, kimya. Dereva wake, mwenye sare na kofia, aligeuka. Akashusha kioo, joto la Agosti likamwingia, akachomoa spika ndogo sikioni. Bi Arwa akakanyaga mafuta kidogo tu, injini ikanguruma, kama mtu anayeitikia salamu.

Taa ikawa kijani. Yule dereva hakuondoka.