Mipira Sabini na Nne

Katika mji ule wa kiwanda cha sukari, nje kidogo ya San Pedro, ukuta wa nyuma wa uwanja wa besiboli hupakwa rangi kila Oktoba, kabla ligi ya Jumapili haijaanza. Katikati huandikwa jina moja tu, la mpigaji aliyevusha mipira mingi kuliko wote juu ya ukuta huo. Kwa miaka thelathini na minane jina lilikuwa Amable Frías, mipira 71. Na aliyelipaka kila mwaka ni huyohuyo Amable, kwa kuwa ndiye alikuwa mpaka rangi wa kiwanda na kamati haikuona sababu ya kumtafuta mwingine. Watu walimtania kwamba ni yeye pekee duniani anayejisifu kwa brashi.

Mwaka huu Nicasio Peguero, mwenyekiti wa kamati, aliyafungua madaftari ya zamani, akahesabu upya, akakuta Evaristo Wilmore, waliyemwita Nyundo, alivusha 74. Alikwenda mwenyewe kumpa habari, amevaa shati la Jumapili siku ya Jumanne.

Evaristo alishukuru, akammiminia kahawa. Tangu siku hiyo alipita njia ndefu ili asiuone ukuta.

Sababu waliijua wao wawili. Evaristo alipofika miaka thelathini na mitatu, goti lilikuwa limechoka na mipira yake ilianza kuanguka kabla ya ukuta. Nicasio alikuwa na rafiki kwenye duka la dawa za mifugo. Dawa ilikuwa ya farasi wa mashindano, na ilidungwa takoni, mahali ambapo mtu mwenye mabega mapana kama yake hajifikii. Basi kila Alhamisi, misimu mitatu, Evaristo alilala kifudifudi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, na Nicasio akashika sindano. Misimu hiyo mitatu alivusha mipira thelathini na mmoja.

Tena Nicasio alikuwa kompadre wake, ndiye aliyesimamia ubatizo wa binti yake Noelia. Waliofungwa hivyo huheshimiana kuliko ndugu wa tumbo moja. Hawatukanani, hawaaibishani, na hata kwenye domino anayeshinda huiweka kete ya mwisho taratibu, hampigii mwenzake meza.

Evaristo alimweleza hapohapo kwenye domino, barazani kwa Nicasio.

"Kompadre, nitasema."

"Utasema nini?"

"Ile dawa."

Nicasio aliziangalia kete zake. "Ile ilikuwa vitamini."

"Vitamini yenye picha ya farasi kwenye chupa."

"Kwani farasi hahitaji vitamini?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sikiliza, kompadre. Enzi zile nani hakutumia? Ukisema wewe, itaonekana ulikuwa peke yako."

"Sikuwa peke yangu. Hapo ndipo penye shida."

"Enhe, umefika mwenyewe. Utasema kwa mdomo wako, lakini tutasikika wawili. Mimi nafundisha watoto wa watu pale uwanjani. Nani ataniachia mwanawe?"

"Jina lako sitalitaja."

"Huujui mji huu, na umezaliwa humu." Akazisukuma kete kando, mchezo haujaisha. Hilo halijawahi kutokea baina yao.

Kesho yake asubuhi Evaristo alikwenda uwanjani. Amable, mzee wa miaka sabini na sita, alikuwa juu ya ngazi. Alishalifunika jina lake kwa rangi nyeupe, ila herufi za zamani zilikuwa bado zinaonekana kwa mbali. Juu yake alikuwa ameandika EVARIS.

"Mzee Amable, shuka kidogo."

"Nikishuka sipandi tena leo. Sema hapohapo."

Evaristo akasema yote, shingo ameinua, jua linampiga machoni. Mzee alimaliza T kwanza.

"Najua," alisema. "Kofia yako ilichanwa nyuma kwa mkasi ili ikuingie. Mtu wa miaka thelathini na kitu hakui kichwa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mzee kapitwa, analalamikia kofia ya mtu?" Alichovya brashi. "Ulipovusha wa sabini na mbili nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa nahesabu kichwani, madaftari sikuyahitaji. Nikaendelea kupaka jina langu, najiambia ni haki yangu. Lakini kila Oktoba nilipaka nikiwa sina uhakika. Hicho ndicho ulichoniibia, Nyundo. Ukuta ni ukuta tu."

"Basi futa."

"Napaka kilichoandikwa na kamati kwenye karatasi. Kawaambie wao. Mimi nilishajua."

Jumapili, siku ya kufungua ligi, viti vilijaa. Nicasio alimwita Evaristo kwa kipaza sauti, akamkabidhi hicho kipaza bila kumtazama. Evaristo hakurefusha.

"Mipira arobaini na mitatu ni yangu. Ile thelathini na mmoja ni ya dawa ya farasi. Nilidungwa misimu mitatu. Ukuta ni wa mzee Amable."

Kisha Tomasina, mama muuza vitumbua vya ngano, akapaza sauti kutoka pembeni: "Na nani aliyekudunga, baba? Maana hilo tako lote hulifikii mwenyewe."

Uwanja mzima ukacheka. Hapo Evaristo angeweza kumtaja marehemu yeyote, wakaridhika.

"Hilo sijibu," alisema.

Kicheko kikakatika. Katika mji ule, mtu ambaye huwezi kumtaja hata ukiwa umeshajivua nguo mwenyewe ni mmoja tu, kompadre wako. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kumwelekea Nicasio.

Nicasio alikichukua kipaza sauti. "Kila Alhamisi," alisema. "Sindano niliishika mimi." Akaivua filimbi yake ya ukocha, akaiweka mezani, akatoka kwa lango la nyuma.

Jumatatu kamati ilitoa karatasi mpya, na Evaristo akamshikia Amable ngazi. Mzee aliuliza swali moja tu.

"Sabini na moja?"

"Sabini na moja."

Akapaka polepole kuliko miaka yote, akashuka, akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama jina lake muda mrefu, mikono kiunoni.

Alhamisi Evaristo alikwenda barazani kwa Nicasio, hana hakika kama atakaribishwa. Nicasio alitoa domino bila salamu. Filimbi ilikuwa imerudi shingoni. Kamati ilimrudishia yenyewe.

"Watoto tisa wamekuja leo," alisema. "Walikuwa ishirini na wawili."

"Nimesikia, kompadre."

Wakacheza. Nicasio aliposhinda, aliipiga kete ya mwisho mezani kwa nguvu hadi nyingine zikaruka sakafuni.

Evaristo aliinama, goti likilia, akaziokota zote, akazichanganya upya.