Jina Nililoliacha Mlangoni

Ninalala usingizi wa mchana, siku ya wageni, peke yangu katika bweni lenye vitanda vya ghorofa pande zote mbili, na ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba ninalala kwa hiari yangu na kwa heshima zote, si kwa huzuni. Huzuni ni ya kidato cha kwanza. Nje, kwenye majani mbele ya bwalo, wenzangu wote wamekaa na mama zao juu ya khanga wanakula pilau ya kwenye hotpoti, na Festo Mwaluvanda, kaka mkuu wetu, mtu ambaye hata akicheka hucheka amesimama wima, amezungukwa na ukoo mzima na kuku mzima. Mimi namngoja kaka yangu Gwakisa. Gwakisa alisoma shule hii hii kabla yangu, na sasa yuko chuo kikuu, katika mji ambao sijawahi kufika, anakosoma uhandisi kidogo na kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya wanachuo muda wote unaobaki. Likizo iliyopita aliniahidi mambo mawili. La kwanza, atakuja siku ya wageni. La pili, nikimaliza shule nitakwenda kumsikiliza ukumbini, na wimbo ukifika pale panapochezeka, pale rapa wa bendi anapoanza kutaja majina ya watu waliohudhuria, atamnong'oneza langu, Ambakisye, mji mzima usikie kwamba nipo. Nimekaa getini asubuhi yote mpaka askari ameanza kunihurumia, na kuhurumiwa na askari wa shule ni jambo linalomshusha mtu cheo. Kengele ya kufunga siku ya wageni ikishalia hakuna mwanafunzi anayeitwa getini tena, isipokuwa kaka mkuu, ambaye huitwa wakati wowote kama daktari. Basi nimerudi bwenini na tyubu yangu ya dawa ya meno, ambayo siku nyingine huitumia kuwachorea masharubu waliolala. Lakini leo hakuna aliyelala, fundi yupo na nyuso hazipo. Najilaza na viatu, naiweka tyubu kifuani kama msalaba wa askofu, nafumba macho, na dari linaanza kudunda.

Linadunda polepole, ndu, ndu-ndu, ndu, na mdundo huo naujua, ndio tuliokuwa tukigonga ukutani nyumbani, yeye chumbani kwake na mimi kwangu, kuulizana kama mwenzio yuko macho, na aliye macho hujibu kwa kugonga mara moja. Nagonga chuma cha kitanda mara moja. Njia iliyo katikati ya vitanda inarefuka, inapata lami, vitanda vinasimama na kuwa vibanda vya chipsi, mablanketi ya shule yenye mstari mwekundu yanajitundika madirishani, na mimi natembea, sijui nimeamka au nimeamshwa miguu tu, natembea katika mji wa chuo, na jua limekaa juu ya paa la maktaba wala haliendi kokote. Ni alasiri, na barabara ikiisha inaanza tena. Kulia kuna ukumbi wa muziki, na kushoto kuna ukumbi uleule umegeuzwa kama kwenye kioo, maandishi yake yanasomeka kinyume, na kila anayeingia kule kwa mguu wa kulia anaingia huku kwa mguu wa kushoto. Wanachuo wamejaa njiani wakiwa na vitambulisho shingoni, na kwenye vitambulisho pale pa picha ni peupe, na juu ya shingo pia ni peupe, laini, panang'aa, panatoa harufu ya mnanaa. Natambua kazi yangu mwenyewe, ila sikumbuki kuifanya. Wanacheka pamoja kwa vikundi, bila midomo, na nikikaribia kicheko kinakoma kwa adabu, kama walimu wanavyonyamaza mwanafunzi akiingia ofisini; nikipita kinaendelea.

Mlangoni pamesimama baunsa mpana kama kabati la maabara, naye hana uso. Ananiinamishia upande ambao ungekuwa sikio na kuniuliza, dogo, jina lako? Sasa hapa lazima niitetee elimu yangu. Mtoto wa bweni akiulizwa jina mlangoni, penye uzio, au karibu na mahindi ya mkuu wa shule, hataji la kwake. Ni adabu tuliyorithi kwa waliotutangulia, na mimi nimerithishwa na Gwakisa mwenyewe: ukibanwa, mdogo wangu, taja jina la mtu asiyeshukiwa. Ulimi wangu umezoea hivyo, haungoji ruhusa. Festo Mwaluvanda, nasema. Baunsa analipokea jina hilo kiganjani, analiviringa kama tonge la ugali na kulitupa ndani, kisha ananigonga muhuri mkononi. Namuuliza kama bendi ya Gwakisa inapiga hapa. Ananijibu, anayekutafuta amekupa mgongo, na anayekutazama hakutafuti, kisha anafungua mlango, na besi inaniingia tumboni kabla ya mimi kuingia ukumbini.

Ndani ni giza la blanketi, viti vya plastiki vimesukumwa ukutani, jenereta linanguruma mahali fulani nyuma, na watu wanacheza wawili wawili, wamejipanga, wanageuka pamoja, na kila mmoja ana wake. Mimi nacheza na tyubu. Jukwaani kuna bendi, na katikati ya bendi kuna mgongo, na mgongo huo ni wa Gwakisa, bega moja liko juu ya jingine kama alivyo akibeba ndoo, na anapiga akiwa ameielekea ngoma, hageuki. Nasema kaka. Sauti yangu inatoka na kwenda kukaa kwenye kiti. Wimbo unafika pale panapochezeka, gitaa zinaanza kukimbizana, na rapa, ambaye ni shati linalometameta lisilo na kichwa, anaanza kutaja majina, na kila jina likitajwa mwenye nalo anawaka, taa inamshukia, watu wanamgeukia na kumpungia, anakuwa mtu kamili kwa muda mfupi na hata pua anapata. Nangoja. Namwona Gwakisa anainamisha kichwa, anamnong'oneza rapa. Rapa anavuta pumzi na kulitaja, Festo Mwaluvanda, kijana wetu, Festo Mwaluvanda yupo nasi, na taa inashuka, inanitafuta, inafika miguuni pangu, haikipati inachokitafuta, inanizunguka na kwenda zake. Gwakisa anageuka nusu. Anatazama pale taa ilipokuwa kama mtu aliyesikia anaitwa na jirani, kisha anarudi kwenye ngoma yake, na wimbo unakwisha.

Natoka mbio ili niingie upya na kusema kweli, maana hata mimi nikibanwa kabisa naweza kusema kweli. Lakini mlango wa kutokea unanitoa kwenye ukumbi wa upande wa pili, uleule, baunsa yuleyule amesimama kwa mguu mwingine, anauliza dogo, jina lako, nami nafungua kinywa niseme Ambakisye na kinatoka Festo. Naingia, namkuta Gwakisa amenipa mgongo, linatajwa jina la Festo, natoka. Barabara inaisha na kuanza. Naingia ukumbi wa tatu au wa kwanza, wa taarabu ya viti vilivyopangwa, wa dijei mmoja na spika refu kuliko nyumba, wa wanafunzi wa udaktari wanaocheza kwa uangalifu wasiteguke, na katika kila mmoja mgongo ni uleule na katika kila mmoja nafika peke yangu. Sijawahi kuwa mahali penye watu wengi hivi na sauti kubwa hivi pasipo hata mtu mmoja wa kumuudhi. Nataka hili liandikwe vizuri: mchokozi asiye na wa kumchokoza ni kama kengele iliyofungwa kitambaa. Nakaa kwenye ngazi ya ukumbi mmojawapo, karibu na baunsa. Namuuliza nitatokaje huku. Anasema, kuna nyumba ina mlango wa kuingilia tu, na mwenyewe hutoka kila siku. Namwambia sikutaka kitendawili. Basi, kwa kuwa nimechoka na kwa kuwa ni tabia, nafungua tyubu, nasimama juu ya ngazi na kumchorea masharubu, na chini ya masharubu, kwa kuwa nafasi ipo, namchorea mdomo.

Mdomo unatikisika. Asante, dogo, anasema, na sauti yake imekuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu wa duka. Nilikuwa nazungumza kwa kuzunguka kwa sababu sikuwa na pa kutokea maneno. Sikiliza, hapa mtu hatoki kwa miguu. Anatoka akiitwa kutoka nje, kwa jina aliloingilia. Namwambia hilo si langu. Anasema, najua, wengi wenu wa bweni mnaingia na majina ya watu. Namwambia kaka yangu aliniahidi kulitaja langu, siwezi kutoka kabla hajalitaja. Anafikiri, masharubu yanainama upande mmoja. Yeye hawezi kutaja jina ambalo halimo ndani, anasema, na wewe huwezi kubaki mpaka liingie, watu wamejaribu, ndio hao unaowaona wanacheza. Nawatazama wanaocheza. Nauliza kama hakuna kitu kingine cha kumwitia mtu isipokuwa jina. Baunsa anajilamba dawa ya meno. Hilo, anasema, ungemuuliza kaka yako.

Naingia tena, kwa jina la Festo, kwa kichwa kilichoinama. Siendi kwenye viti. Naenda mpaka kwenye spika la besi chini ya jukwaa, refu, jeusi, linalotetemeka kama mtu mwenye homa, na katikati ya wimbo nagonga ubavuni kwake kwa ngumi, ndu, ndu-ndu, ndu. Hakuna kitu. Nagonga tena. Besi inakosea. Inakosea sauti moja, inanyamaza, na bendi yote inajikwaa juu ya ukimya huo, na katika ukimya Gwakisa anaupiga waya mmoja, mara moja. Kisha anageuka, na ana uso, uso pekee katika mji mzima, una chunusi moja pale pale pa likizo iliyopita. Mbaki, ananiita, kwa kifupi cha nyumbani ambacho hakiandikwi popote, mbona umekaa mbali hivyo? Namwambia nimekungoja getini tangu asubuhi. Na mimi nakungoja hapa, anasema, sijui nani kati yetu aliye nje. Namwambia sikutaja jina langu mlangoni, kaka, nimeharibu, hutaweza kuniita. Gwakisa anacheka kile kicheko cha kumeza nusu, anainama kutoka jukwaani mpaka nasikia harufu ya sabuni ya kwetu. Nani alikufundisha huo ujinga, anauliza, na anajua jibu. Usijali. Nitakuita kwa lolote litakalopita mlangoni. Wewe itikia tu. Nafungua kinywa nimuulize lini, na besi inakuwa kengele.

Kengele ya kufunga siku ya wageni. Nimelala chali, viatu miguuni, dari limetulia, na tyubu iko kifuani, imebinywa, kifuniko hakipo, na kidole changu kina dawa ya meno ambayo imeanza kukauka. Mkononi sioni muhuri, ila kuna alama ya chuma cha kitanda, ya mviringo. Bweni ni tupu. Dirishani naona magari yanageuza, mama wanakunja khanga, na Festo Mwaluvanda amesimama wima kando ya gari la baba yake akipokea nasaha. Kutoka hapa nyuso zao ni madoa meupe tu, lakini nadhani ni kwa sababu ya umbali. Hakuja, najiambia kwa sauti ya mwenyekiti, na nafunga kikao. Ndipo kutoka getini, kupitia kile kipaza sauti chenye mafua, askari anaita. Festo Mwaluvanda, una mgeni getini, ana gitaa. Kule kwenye gari Festo anageuka, anawatazama baba, mama, shangazi, kuku, anawahesabu wageni wake wote na hakosi hata mmoja. Naketi kitandani. Kengele imelia, na baada ya kengele hakuna jina jingine linalopita katika geti hili. Hilo analijua kila aliyesoma hapa, na zaidi aliyenifundisha. Au ndiyo mtu anaitwa kutoka nje, kwa jina aliloingilia, na sasa hivi ndiyo kwanza natoka. Askari anaita tena. Sijui niko upande gani wa mlango. Naugusa uso wangu, upo. Nagonga chuma cha kitanda, mara moja, na kwa sauti yenye adabu ambayo shule hii haijawahi kuisikia kwangu, naitikia, naam, nakuja.