Udhuru Aliyekalia Viti Vitatu

Mama yangu alitukataza kulala magharibi, akisema anayelala saa hiyo huota mambo yasiyosimulika. Mimi nitayasimulia hivyo hivyo, maana yamenikaba tangu juzi na nisipoyatoa nitaugua. Naitwa Atupokile, katibu wa Bodi ya Barabara ya kanda yetu, mwaka wa nne sasa. Wajumbe ni tisa: sita wa mjini na kandokando yake, watatu wa kata za ng'ambo ya mto. Vikao huanza saa tatu kamili asubuhi, mjini, na mvua zikishika hao wa ng'ambo hawafiki, kwa sababu mto hujaa na inawabidi kuuzunguka kwa saa tano nzima kwenye utelezi. Kanuni nayo ni kali: anayekosa vikao vitatu bila udhuru anapoteza kiti. Basi mimi, kwa huruma zangu, nikawa nawaandikia "kwa udhuru" hata pale ambapo hawakutuma neno lolote. Nilijiona mtu mwema kweli kweli, na sikumwambia yeyote.

Siku hiyo kikao kilizungumzia daraja la ng'ambo, ambalo watu wa kata zile tatu wamelingoja miaka na miaka huku wagonjwa wao wakivushwa kwa mitumbwi. Lilikuwa limeahirishwa mara mbili. Safari hii likaondolewa kabisa kwenye mpango, na mahali pake ukawekwa upanuzi wa barabara ya stendi. Mwenyekiti aliuliza, "Akidi imetimia, Bi Katibu?" nami nikajibu, "Imetimia, Mwenyekiti." Akidi ni wajumbe saba, na ukumbini walikuwa sita. Lakini kwetu mwenye udhuru huhesabiwa kuwa yupo na kwamba amekubaliana na wengi, ndivyo tulivyozoea, kwa hiyo muhtasari ukasomeka wajumbe tisa, kura tisa. Saa sita kasorobo akaingia Diwani Subilaga wa ng'ambo, tope hadi magotini, faili lake kalifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Mmeshaanza?" akauliza akihema.

"Tumeshamaliza, Mheshimiwa."

Hakunigombeza. Aliangalia viti vilivyokwisha kurudishwa ukutani, akageuka, akaondoka bila hata kunywa maji, na mimi moyo ukaniuma siku nzima nisijue unaniumia nini. Jioni nikafika nyumbani na muhtasari mkobani, maana kesho yake asubuhi ulitakiwa uwe umesainiwa na kupelekwa mkoani. Nikajinyoosha kwenye kochi nipumzishe macho kidogo, na usingizi ukanichukua na viatu vyangu miguuni.

Nikajikuta katika nchi isiyo na jua wala kivuli, nimesimama kwenye barabara pana ya lami, mpya, bado inanuka. Nikaifuata kwa furaha, nikatembea na kutembea, kumbe barabara yenyewe inalizunguka jumba moja tu la mawe na kurudi kwenye mlango ule ule. Hata ningetembea mwaka mzima nisingefika penginepo. Chini yake ulipita mto mweusi, umefura, na ng'ambo ya mto umati wa watu ulikuwa umesogea hadi ukingoni kabisa. Vinywa vyao vilifunguka na kujifumba, mishipa ya shingo imewatoka, na mimi sisikii hata mnong'ono! Nilidhani nimekuwa kiziwi, nikapiga makofi masikioni mwangu, makofi nikayasikia vizuri tu. Ndipo kando yangu akatokea mwanamke mrefu, mkavu, nyayo zimempasuka kwa mwendo, akaniambia jina lake ni Insafu, yaani uadilifu.

"Mbona siwasikii, dada?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hapa hapavukiki," akasema taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. "Lakini humo ndani yuko anayewasemea. Twende ukamwone, ila usiingie kigenigeni. Nyumba hii wanakujua."

Tukaingia. Ukumbi ulikuwa na viti tisa vilivyoizunguka meza. Kiti cha mbele alikikalia Mazoea, mzee wa makamo aliyeendesha kikao macho yamefumbwa, kila neno analijua kwa moyo. Karibu naye Haraka, akitazama saa kila anapomeza mate. Na wengine wanne wa ukoo wao, wote nyuso za watu walioshiba. Hao sikushtuka kuwaona. Kilichonishtua ni kile kilichojaza viti vitatu vya mwisho. Jamani! Lilikuwa jitu jeupe, nene, limejilaza kwenye viti vyote vitatu kwa pamoja, halina macho wala pua, mdomo tu. Vazi lake lilikuwa la karatasi, zimeshonwa moja juu ya nyingine toka shingoni hadi sakafuni, na kila karatasi imeandikwa. Nikasogea nisome. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Shikamoo, mama!" likasema jitu, likanyoosha mikono. Mikono yenyewe ilikuwa mitatu.

"Mama wa nani?" nikapiga kelele. "Mimi sikujui! Yesu wangu, mimi nina watoto wawili tu, wote wapo Iringa wanasoma!"

"Usinikane mbele za watu, mama. Mimi ni Udhuru. Ulinizaa ile masika ya kwanza, nikiwa mstari mmoja tu, kadogo, nakaribia kufa. Kila kikao ukaninyonyesha mstari mwingine. Tazama nilivyonawiri!" Likajipiga tumboni, na makaratasi yakapiga kelele.

Mazoea, bila kufumbua macho, akatamka, "Daraja liondolewe. Wanaokubali?" Mikono sita ikanyooka, na Udhuru akanyoosha yake mitatu kwa pamoja, huku amenielekezea mdomo ule, anatabasamu, kama mtoto anayetaka asifiwe na mzazi wake. "Wote," akasema Mazoea.

Hapo ndipo nikasikia mtu anakoroma, si mkoromo wa usingizi, mkoromo wa mtu aliyebanwa. Nikapiga magoti, nikainua vazi lile la karatasi, na haki ya Mungu nilichokiona kitanifuata hadi kaburini. Chini ya jitu, juu ya kiti chake mwenyewe, alikuwepo Subilaga. Alikuwepo! Amelaliwa, kifua kimebonyea, mkono mmoja umechomoza na umenyooshwa juu kuomba nafasi ya kusema, na ule uzito umemkalia mdomoni. Wenzake wawili walikuwa pembeni yake vivyo hivyo. Nikaanza kulia kwa sauti.

"Sikukusudia!" nikamwambia Insafu. "Nilikuwa nawalindia viti vyao!"

"Najua," akasema, na hakuwa na hasira, jambo lililoniumiza zaidi. "Kiti kikiwa kitupu, watu hukiona, na wakikiona huuliza mwenyewe yuko wapi na nini kimemzuia. Swali hilo ndilo lingejenga daraja miaka mitatu iliyopita. Wewe ulikaa ukalijaza pengo kabla halijaulizwa. Uliwahurumia sana, Atupokile, ila hukuwauliza hata siku moja."

"Sasa nimtoeje?"

"Usimpe tena chakula."

Nikamshika Udhuru, nikavuta. Akanikumbatia shingoni kwa mikono yote mitatu, analia, "Mama, nitakufa njaa, na wewe watakufukuza kazi!" Na aibu yangu, nasema ukweli, ni kwamba nilimhurumia. Nilisita. Nilipokuwa nasita, mkono wa Subilaga ukalegea, ukaanguka chini.

Nikaamka napiga kelele. Saa ilikuwa saa moja na nusu, jirani anakaanga vitunguu, redio yake inaimba. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nikatoa muhtasari mkobani, nikakikata kwa mstari nilichoandika, na chini yake nikaandika: Waliohudhuria sita. Wajumbe watatu wa ng'ambo hawakuwepo, hawakutuma udhuru, udhuru wao wote kwa miaka minne umetungwa na katibu. Mheshimiwa Subilaga alifika saa sita kasorobo kwa kuzuiwa na mto, kikao kikiwa kimefungwa. Akidi haikutimia. Nikasaini. Nilielewa vizuri kwamba daraja linarudi mezani, viti vya wale watatu navyo vitahojiwa, na mimi nakwenda kujieleza, pengine kupoteza kazi. Kisha nikampigia Subilaga simu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Bi Katibu. Kuna nini tena?"

Nikamweleza yote, isipokuwa ndoto.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Miaka minne huku wanaletewa mihtasari, wanasoma Subilaga amekubali, Subilaga ameridhia. Nimeapa hadi kanisani, hakuna aliyeniamini. Wiki iliyopita tumemzika mwanamke, alivushwa ana uchungu, mtumbwi ukapinduka. Mumewe alinitemea mate pale pale makaburini. Akaniambia, kura yako hiyo, Mheshimiwa."

Nilisema samahani, nikasikia neno lenyewe lilivyo dogo.

"Huyo mume yuko hapa sebuleni kwangu," akaendelea, "na kaka zake wanne. Wamekuja kunitaka nijiuzulu. Hicho ulichokiandika unacho hapo?"

"Ninacho."

"Naweka spika. Wasomee."

Nikasikia viti vinasogezwa, mtu akakohoa. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili, nikaanza kusoma.