Betri Iliyokaa Bure

Paskasi hakuwa mtu mbaya. Ila kuombwa kitu mbele za watu, akajibu hana, hilo lilimshinda tangu ujana wake.

Mkewe, Coletha, alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga nyumbani kwao Bagara, mjini Babati, na ndani yake mayai mia na ishirini, siku ya kumi na tisa. Zilibaki siku mbili tu. Ulikuwa mkupuo wake wa kwanza, na mawifi walishamcheka kwamba mashine ile itamchemshia mayai. Pembeni ilikaa betri kubwa ya kushika umeme ukikatika. Lakini mwezi ule umeme ulikuwa haujakatika hata dakika moja, betri imejaa pomoni, haina kazi. Ndivyo Paskasi alivyoiona.

Jumamosi asubuhi Coletha alikuwa anakwenda Dareda kumjulia hali mama yake. "Baba Kindness, mayai nakuachia wewe," alisema akiwa mlangoni.

"Wewe nenda bwana! Mimi mtoto?"

Hata stendi hajafika, simu ya Paskasi ikaita. Kwaya ya Bonga. Leo kipaimara, jenereta limegoma, na yeye ndiye mpiga kinanda wao; wanamwomba atafute umeme. Afanyeje? Aliitazama ile betri. Umeme si upo, akajisemea, hii imekaa bure tu. Akafungua nyaya, akaipakia kwenye bajaji, akaondoka kifua mbele.

Na kinanda kililia, jamani! Akina mama walipiga vigelegele, mwenyekiti akamtaja kwa jina kwenye kipaza sauti. Saa nne hivi simu ikatetema mfukoni. Alikuwa Coletha.

"Zuwena ananiambia umeme umekatika huko. Betri imeshika?"

Zuwena ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Paskasi alitazama kwaya imesimama, inamngoja yeye. Moyo ulimwambia, sema ukweli. Mdomo ukasema, "Imeshika, usiwe na wasiwasi."

Nyimbo mbili tu, akajiahidi, halafu naondoka. Zikawa tano, ikaja pilau, zikaja picha. Na Juni ya Babati unaijua, baridi yake haina huruma. Alifika nyumbani saa kumi na nusu, umeme bado haujarudi. Alipotia mkono kwenye mashine mayai yalikuwa ya baridi. Akaunganisha betri, taa ikawaka, joto likapanda, kila kitu kikaonekana kizima. Coletha aliporudi, hakumwambia.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga wanne tu. Coletha akangoja siku mbili zaidi, kisha akakaa uani na beseni, akaanza kupasua mayai moja moja. Vifaranga walikuwa wamefia humo ndani, wamekamilika, wana manyoya, wana kucha.

"Mkono wangu una nini mimi?" alisema huku machozi yanamtoka. "Dada zako walisema kweli. Niiuze tu hii mashine."

Paskasi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini kumwona mwanamke yule anajilaumu kwa kosa lisilo lake, alishindwa.

"Mama Kindness, betri niliipeleka Bonga. Uliponipigia nilikudanganya."

Coletha aliweka chini yai alilolishika. 

"Siku ile Zuwena alikuwa ameshabandika maji," alisema. "Alitaka ayatie kwenye chupa yakiwa ya moto, azipange ndani ya mashine mayai yasipoe. Nikamwambia aepue, mume wangu amesema betri imeshika."