Faini ya Musembi

Mwanamume wa ukoo akimtangaza mkewe kuwa tasa mbele ya wazee, na baadaye ikabainika kwamba si kweli, hutoa mbuzi dume, humchinja kwa mkono wake, na kulitamka kosa lake kwa sauti mbele ya ndugu za mke. Wakamba wote wa mtaa wa Gatwekera, Nairobi, waliifahamu sheria hiyo.

Musembi, seremala, aliifahamu vizuri kuliko wengi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa katibu wa ukoo. Hata hivyo, Novemba alisimama mkutanoni akasema, "Miaka saba nimengoja. Mimi nina binti Kitui, nilimzaa kabla sijaja Nairobi. Kasoro haiko kwangu. Mke wangu Syokau ni tasa."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Aliyekwisha kuzaa, walisema, ni mzima. Ikaamuliwa kwamba Februari waketi tena wamruhusu kumwoa mwanamke mwingine, Kasyoka, na mkewe Syokau arudishwe kwao. Syokau, aliyekuwa akiwagawia chai, aliendelea kugawa mpaka kikombe cha mwisho.

Uchaguzi mkuu wa Desemba ukavurugika, ghasia zikazuka mtaani. Mwezi Januari karakana ya Musembi iliteketea pamoja na vitanda viwili vya wateja, na mume na mkewe hawakuwa na pa kukimbilia ila Riruta Satellite, karibu na Kawangware, kwa Kitheka, kaka yake Syokau. Kitheka alimpokea shemeji yake, akampa godoro, akampakulia ugali kabla ya watu wote. Neno la Novemba hakuligusa. Musembi angalitukanwa, angalipumua.

Syokau alikuwa ameumia bega katika kukimbia. Walikwenda kwenye ua wa kanisa mahali waliofukuzwa makwao walipotibiwa bila malipo. Muuguzi, jina lake Kavetsa, alipomuuliza habari za watoto, Syokau alitoa mfuko wa nailoni kifuani. Nguo zake zote zilikuwa zimeungua, lakini majibu ya vipimo vyake alikuwa ameyaokoa.

Kavetsa akayasoma moja moja. "Mirija haijaziba. Mayai yanapevuka. Kizazi hakina uvimbe. Na mzee je, amepimwa?"

"Mzee ana mtoto."

"Mama, nimeuliza kama amepimwa."

Musembi alikuwa mlangoni. Akajifanya anatazama barabara.

Juma lililofuata alirudi peke yake, kwa siri. Kavetsa akamtuma maabara; alipimwa, akapimwa tena, na majibu yote mawili yakawa mamoja: hapakuwa na mbegu hata moja.

"Uliwahi kuugua kisonono?" Kavetsa akauliza.

Aliwahi. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza mjini, kabla ya kumjua Syokau. Alinunua vidonge kwa mchuuzi, na maumivu yalipokoma siku ya tatu, akavitupa vilivyobaki.

"Ugonjwa huo huweza kuziba njia za mbegu, kama unavyoweza kuziba mirija ya mwanamke. Kwa wengine tatizo ni homoni, kwa wengine umri, kwa wengine mishipa iliyovimba kwenye korodani. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa watoto, mume ana sehemu yake. Lakini anayetumwa kwanza ni mke."

"Na binti yangu?"

"Huyo ulimzaa ukiwa bado mzima, mzee. Nitakuandikia barua ya hospitali kubwa, waone kama njia zinafunguka. Siwezi kukuahidi. Na usiangalie chini hivyo, hapa hatujamshika mwizi."

Lakini mwizi ndivyo alivyojiona. Kwa miaka saba Syokau alikunywa mizizi michungu aliyoletewa na mama mkwe, naye Musembi alisimama kando yake ahakikishe amemaliza bakuli. Aliificha karatasi ya majibu chini ya godoro siku tisa. Angenyamaza tu, Kasyoka angeletwa, na mwanamke wa pili angeanza kunywa mizizi.

Februari wazee walikutana uani kwa Kitheka. Mwenyekiti, mzee Ndululu, akasema, "Katibu, tusomee shauri lako."

Musembi alisimama na daftari, asilifungue. "Kasyoka asiletwe," akasema. "Nilimsingizia mke wangu. Nimepimwa mara mbili. Asiye na mbegu ni mimi."

"Walikupima kwa futi ya useremala?" Duncan, kijana wa nyuma, akadakia, na benchi zima likacheka. Ndululu akagonga fimbo.

"Waambie na sababu," Kitheka akasema kwa upole. "Dada yangu ulimtaja kwa jina lake."

Musembi alitazama mahali Syokau alipoketi, safari hii kitini, katikati ya ndugu zake, akayaondoa macho haraka.

"Kisonono," akasema. "Niliupata kabla ya kumwoa. Sikumaliza dawa."

Hakuna aliyecheka.

Jumamosi alikwenda kwa miguu hadi soko la mifugo la Dagoretti, akarudi akimvuta mbuzi dume kwa kamba, na majirani wakamsindikiza kwa macho, maana habari ilikuwa imekwisha kuenea. Alimchinja uani. Kisu kiliteleza mara moja, na hakuna aliyejitolea kumsaidia. Akalirudia kosa lake, neno kwa neno, hata lile jina la ugonjwa.

"Umesikia?" Ndululu akamuuliza Syokau.

"Nimesikia. Kama nitarudi kwake, nitaamua mwenyewe, si mkutano."

"Hiyo ni haki yako, mama."

Kitheka akaipokea ngozi ikiwa bado na joto, akaitandaza juu ya ukuta, akamgeukia Musembi.

"Shemeji," akasema, "faini imelipwa."