Ada ya Kumshika Mgonjwa

Nyumbani kwetu mwenye kadi ya hospitali ni mmoja tu, na ana mkia. Mimi nimeshona nguo za watu mpaka mgongo umepinda, sina kadi. Mume wangu anachechemea mchana kweupe, hana kadi. Paka ana kadi, ana faili, ana picha ya mifupa yake yote, na kwenye faili wamemwandika jina la ukoo wa mume wangu, jina ambalo mimi kulipata ilibidi niolewe.

Paka mwenyewe tunamwita Meneja, kwa sababu kazi yake ni kulala juu ya meza na kuwatazama wengine wakihangaika. Ofisi yake ni baraza yetu. Upande mmoja ipo cherehani yangu, natia zipu na kupunguza suruali. Upande wa pili anakaa mume wangu, fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Soli. Katikati analala Meneja, mshahara wake ni dagaa.

Siku moja Meneja aliruka kutoka mezani akatua juu ya kisumari cha viatu. Lo! Kwa yowe alilopiga, mteja wangu alikimbilia barabarani na suruali ya kujaribia, pindo moja juu, moja chini. Meneja akabaki na miguu mitatu, wa nne kaukunja kifuani. Soli, mwanamume ambaye siku nilipoanza uchungu wa mtoto wa kwanza aliniuliza kama naweza kusubiri gundi ikauke, alitupa nyundo, akamtia paka kwenye kikapu, tukaondoka mbio kwa daktari wa wanyama.

Kule ndiko nilikojua kwamba tumezaliwa vibaya. Sakafu inang'aa. Kuna mbwa amevaa sweta, na sweta yenyewe nimeishika pindo, ni ya sufu safi. Binti wa mapokezi akaniuliza kwa sauti laini, "Mgonjwa wetu ana wasiwasi wowote leo?" Nikamwambia mwenye wasiwasi ni mimi, na mimi sijaulizwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye mikono mepesi, alikitoa kisumari kabla sijakaa vizuri, akataka na picha ya mfupa, kwa uhakika. Halafu ikaja bili. Kumwona daktari, sawa. Dawa ya kupaka na vidonge, sawa. Picha, nikameza mate. Chini kabisa pameandikwa: ada ya kumshika mgonjwa.

"Nani kamshika?" nikauliza. "Si nimemshika mimi? Tazama mikono ilivyoparurwa!"

"Mama, ada ni ya mgonjwa kushikwa," akasema binti, tabasamu halijamtoka. "Haisemi ashikwe na nani."

Soli akalipa kwa pesa ya ngozi ya mwezi mzima. Akatoka amemkumbatia Meneja, na mimi nyuma yao nimebeba kikapu kitupu na hasira zangu.

Sasa nisikilizwe, maana hapa mtaani wanasema mke wa Soli ana domo. Domo ninalo, silikatai. Lakini muda wote huo mume wangu naye alikuwa anachechemea, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Alikuwa anakunywa maji kama shamba la mpunga, na bado mdomo mkavu. Nikamwambia, baba watoto, nenda ukapime sukari. Akanijibu kwa ile hekima ya mafundi, "Mguu haukosei, mama. Hukosea soli." Basi akachonga soli. Akaongeza kisigino. Akapunguza kisigino. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wangu alijinyoa kila siku, ila alikuwa ananyoa kofia.

Nilijua anachoogopa. Kaka yake mkubwa aliingia hospitali na kidonda cha kidole gumba, akatoka na mguu mmoja. "Walimkata," Soli husema, utadhani hospitali ni bucha. Hasemi kwamba kaka yake alikikalia kidonda kile mpaka nzi wakakizoea. Tangu siku hiyo Soli humshonea kaka yake viatu kwa mkono wake, na kwa kuwa kiatu cha peke yake anakiona uchuro, hushona jozi. Cha kulia kinakwenda kwa kaka. Cha kushoto kinatundikwa ukutani nyuma ya cherehani yangu, ndani hakijamaliziwa, visumari havijang'olewa, kwani nani atakivaa?

Asubuhi moja nikamwona amevaa kulia kiatu chake cha kahawia, na kushoto kimoja cha wale mayatima wa ukutani, cheusi, kipana.

"Ndiyo mtindo wa sasa," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mtindo wa kuvaa ukiwa umefumba macho?"

"Kinanipa nafasi. Mguu unapumua."

"Na unauma?"

"Hauumi hata kidogo!" akasema kwa fahari, akaupiga chini, pu, kunionyesha. Na mimi kwa ujinga wangu nikamshukuru Mungu kwamba hauumi.

Meneja alipona haraka. Nilimwona kwa macho yangu akipanda pazia mpaka juu na kushuka na mjusi. Lakini Soli akaanza kudai paka bado ana tatizo. "Ana maumivu ya ndani," anasema, na mgonjwa mwenyewe yuko juu ya paa anagombana na paka wa jirani. Kila baada ya siku chache kikapu kinatoka, paka ndani, Soli anachechemea kwenda kwa daktari wa wanyama. Nauliza wamesema nini. "Wanaendelea kumchunguza." Dawa ya kupaka ikawa inaisha ovyo. Nikamnusa paka, ananuka dagaa. Nikanusa shuka upande wa mume wangu, lo salaale, inanuka dawa ya paka.

Nikamuuliza. Akasema Meneja hupenda kulala upande ule.

Wifi yangu, dada yake Soli, ana tabia ya kuja kusaidia pale ambapo hakuitwa. Akavuta kigoda karibu na cherehani. "Wifi, na huyo daktari mwenyewe nasikia ni binti mzuri tu."

"Ni daktari wa wanyama."

"Sijasema si daktari. Nimesema ni mzuri. Mwanamume hapeleki paka mzima hospitali bure. Fungua macho, wifi."

Nilimwambia kaka yake hana hata soksi isiyotoboka, mrembo gani atamtaka. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Siku hiyo nilimshonea mteja zipu nyuma mbele. Na wivu ukanipa nafuu ya ajabu, kusema kweli: ningeweza kumgombania mwanamke. Ule mguu nilikuwa sijui niugombanie na nani.

Alipobeba kikapu tena, nilifunga cherehani nikamfuata. Haikuwa kazi, mguu ule ulikuwa unaburuzwa sasa. Binti wa mapokezi aliponiona akafungua mdomo. Nikamwonyesha kidole cha kimya, naye kwa bahati nzuri anaogopa wanawake wa umri wangu. Chumba cha daktari hakina mlango, kina pazia tu. Nikasimama nyuma ya lile pazia, nimeshika mkasi mkobani, sijui ningefanya nao nini.

"Mzee," daktari alikuwa anasema, "nimekwambia na juzi. Huyu paka ni mzima kuliko mimi."

"Nakubali, daktari. Lakini tuseme... tuseme kidonda kingekuwa kwenye unyayo. Upande wa nje hivi. Kinatoa maji. Ungempa dawa gani?"

"Hana kidonda."

"Tuseme tu. Na tuseme hakimuumi kabisa."

"Kidonda kibichi, halafu hakimuumi?"

"Hata kidogo. Hiyo si dalili nzuri?" Soli akakohoa. "Na vile vidonge vyake. Kama paka angekuwa na uzito wa, sijui, kilo themanini, angemeza vingapi?"

Hata Meneja aliacha kulia. Nikajishika mdomo kwa mikono miwili, mkasi umeniangukia mguuni, sina habari. Yarabi, mume wangu alikuwa amekwenda hospitali. Siku zote hizo alikuwa anakwenda hospitali, ila alikuwa amemtanguliza paka.

"Mzee," daktari akasema taratibu, "vua kiatu."

"Hiki? Hiki ni cha kaka yangu."

"Kivue hivyo hivyo."

Hapo nikalivuta pazia nikaingia. Soli aliponiona alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na sukari ndiyo ilikuwa imemfikisha pale, japo hakuna aliyekuwa amempima. Soksi ilikuwa imeganda kwenye unyayo. Daktari aliiloweka maji akaivua polepole, na mimi nikatazama, kisha nikatazama ukuta. Kisha daktari akaingiza mkono ndani ya kile kiatu cha yatima, akauchomoa haraka.

"Aah!"

Kidoleni pake tone la damu. Akakipindua kiatu kwenye mwanga. Ndani, upande wa nje, kisumari kilikuwa kimesimama, ndugu yake yule aliyemchoma Meneja.

"Paka wako alikanyaga kimoja, mtaa mzima ukasikia," daktari akasema. "Mimi nimekigusa tu, nimepiga kelele. Wewe umekitembelea siku ngapi, mzee?"

Soli alikitazama kisumari. Miaka yote nimemwona akitazama visumari, ni kazi yake, anavishika hata mdomoni, lakini sikuwahi kumwona akiogopa kimoja.

"Sikusikia kitu," akasema. Halafu akaniangalia mimi. "Mama watoto, sikusikia kitu."

"Nenda hospitali sasa hivi," daktari akasema. "Ya watu."

"Nikiingia watakata."

Nikataka kusema kwa upole, lakini upole sikujaliwa. "Kaka yako hakukatwa kwa sababu alikwenda!" nikapiga kelele, na yule mbwa wa sweta huko nje akaanza kubweka. "Alikatwa kwa sababu alichelewa! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha kwa paka! Unataka nitundike na vya kwako ukutani? Nitundike vingapi, baba watoto? Ukuta umejaa!"

Nikalia pale pale mbele ya watu na wanyama. Soli alimtia Meneja kwenye kikapu, akasimama kwa mguu mmoja, akanishika bega. Bili ya siku hiyo binti wa mapokezi hakuitoa. Alitupatia bendeji bure, na alipoona namtazama sana akasema iwe siri yetu.

Hospitali ya watu sakafu haing'ai. Hakuna aliyetuuliza kama mgonjwa wetu ana wasiwasi. Mlinzi getini akanyoosha kirungu kwenye kikapu. "Paka haingii."

"Kule kwao sisi tunaingia."

"Hapa kila mgonjwa na msindikizaji mmoja tu, mama."

"Basi msindikizaji ni yeye," nikasema, "maana ndiye aliyemleta. Mimi ni mke tu." Akanikodolea macho, mwisho akakipokea kikapu akakiweka kibandani kwake, akituomba tusikawie.

Walimpima sukari; nesi akaangalia kile kipimo, akakitikisa, akapima tena. Kisha akaja daktari, mwanamume mnene mwenye miwani iliyoteremka puani, akashika pini butu.

"Funga macho, mzee. Nikikugusa useme." Akamgusa kidole gumba. Soli kimya. Akamgusa katikati ya unyayo. Kimya. Kisigino. Kimya. Nilikuwa naiona pini, yeye haioni, na kila ilipogusa bila jibu nilihisi kiatu kingine cha kushoto kinatundikwa ukutani. Akapanda kifundoni. Soli amefumba macho, uso umetulia, anangoja kuguswa.

"Bado hujaanza, daktari?" akauliza.

Daktari akapanda juu kidogo ya kifundo, akabonyeza.

"Wee! Wee, mama yangu!" Soli aliruka nusu ya kitanda. "Unaniua!"

Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile, wala siku ya harusi. Kule kibandani Meneja naye akajibu, mlinzi akawa anamsihi anyamaze.

Daktari akapandisha miwani. "Kile kidole kidogo siwezi kukuahidi, mama," akaniambia. "Mguu tumeuwahi."

Soli akafumbua macho, ananitafuta, machozi yanamchuruzika. "Inauma," akasema, kwa mshangao. "Hapa juu inauma kweli."

"Iume!" nikamwambia. "Piga kelele, mume wangu, wakusikie mpaka nyumbani."

Nesi alikuja na sinia la kusafishia kidonda, akanitazama juu mpaka chini, akaona nina mikono. "Mama, mshike mgonjwa."

Nikamshika.